Akiba ya Mama Sephora

Sephora alipotoka shule mchana, kazi yake ya kwanza haikuwa kula. Aliweka mfuko wa madaftari juu ya kitanda, akanawa mikono, akajaza maji kwenye glasi kubwa kuliko zote za nyumba ile, akaiweka mezani mbele ya mama yake. Kisha alisimama pembeni kama askari wa zamu.

"We mutoto, kaa ule," mama alimwambia huku akicheka.

"Meza kwanza, mama."

"Nimeze bila kula, unataka nitapike? Ngoja basi."

Mama Geneviève alikula matonge matatu ya ugali na ndagala, dagaa wa ziwani, halafu akatoa vidonge vinne vya rangi ya chungwa. Alivimeza kimoja kimoja, akamaliza na maji yote mpaka glasi ikawa tupu. Hapo Sephora alishusha daftari dogo lililoning'inia kwenye msumari, akatia alama ya msalaba kwenye tarehe ya siku ile. Misalaba yake ilikuwa imejipanga vizuri, yote kimo kimoja, utadhani imepigwa kwa mashine.

Daftari hilo walipewa na Dokta Sylvère, daktari wa damu katika hospitali moja ya mjini Bujumbura. Mama Geneviève hakujua kusoma wala kuandika, kwa hiyo daktari alimkabidhi binti yake, aliyekuwa na miaka kumi na miwili. "Huyu ndiye karani wangu wa Kibenga," alikuwa akisema kila akilifungua daftari, akitaja mtaa wao, na Sephora alikuwa akiangalia chini kwa aibu, huku moyo wake umejaa fahari.

Ugonjwa wa mama ulikuwa umeanza mwaka uliotangulia. Mama Geneviève alikuwa muuza mawese, mwanamke aliyezoea kubeba bidoni la lita ishirini kichwani huku akiongea na watu njiani. Ghafla akawa anachoka akibeba hata kikapu cha vitunguu. Alitoka jasho akiwa amekaa kivulini, na tumbo lake likavimba upande wa kushoto, penye bandama. Walipompima damu walikuta chembe nyeupe zimezidi mno. Ilikuwa saratani ya damu, ile inayokwenda polepole kwa miaka. Zamani ugonjwa huo ulikuwa na dawa chache na dhaifu, lakini wakati huo kilikuwa kimetokea kidonge kipya ambacho hufuata chembe mbovu na kuziacha nzima. Kililetwa kwa ndege kutoka ng'ambo, bila malipo, kwa wagonjwa saba tu wa hospitali ile, na Mama Geneviève alikuwa mmoja wao. Miezi mitatu tangu aanze kumeza, chembe zilishuka mpaka elfu sita, sawa na za mtu mwenye afya. Tumbo likanywea. Bidoni likarudi kichwani.

Hakuna mtu ambaye Sephora alimstahi kama mama yake. Na si Sephora peke yake. Barabara yao nzima walimwita "Waziri wa Kukimbia." Jina hilo lilikuwa na sababu.

Mwaka 1998, vita vilipofika Uvira, upande wa Kongo, Mama Geneviève, ambaye tayari alikuwa mjane, alikimbia na watoto wake wawili: Sephora, na Vainqueur aliyekuwa bado mgongoni. Walipovuka mpaka na kufika Gatumba, upande wa Burundi, ndipo alipotazama mkononi akaona amebeba mfuniko wa sufuria. Sufuria yenyewe ilibaki Uvira, jikoni, na maharage ndani. Watu walicheka, naye alicheka pamoja nao, lakini siku ile aliapa kwamba hatakimbia tena kama kuku. Tangu hapo, nyuma ya mlango wao, lilikaa furushi lililofungwa kwa kikwembe, kitenge cha zamani. Ndani yake kulikuwa na chumvi, viberiti, mishumaa, sabuni, sindano na uzi, mchele kilo mbili, na ripoti za shule za watoto zimefungwa kwenye plastiki. Kila mwezi alilifungua, akabadilisha mchele, akalifunga tena.

Julai ya mwaka 2003, mabomu yalipoanguka kwenye mitaa ya kusini ya mji, furushi lilionyesha kazi yake. Majirani kumi na mmoja walimfuata Mama Geneviève bila kuuliza wanakwenda wapi. Aliwapitisha njia za ndani mpaka Mutanga Sud, karibu na chuo kikuu, kwa mteja wake mmoja wa mawese aliyewafungulia gereji yake. Walilala humo siku nane, na siku zote nane chakula kilikuwa na chumvi. Jirani yao Epiphanie alikuwa amekimbia na pasi ya mkaa tu.

"Nilidhani njiani tutapiga nguo pasi," Epiphanie alijitetea, na gereji nzima ikalipuka kwa kicheko.

"Apana, usimcheke," Mama Geneviève alisema. "Mi nilibeba mfuniko."

Sephora alimwangalia mama yake akimgawia kila mtu kipande cha sabuni, akawaza kwamba akiwa mkubwa atakuwa hivyo hivyo, mtu anayeona mambo kabla hayajafika.

Lakini mwezi wa Agosti kulitokea jambo ambalo hata Waziri wa Kukimbia hakuwa amelipangia. Dawa ilichelewa kufika. Mara nne mama alikwenda hospitalini na mara nne alirudi mikono mitupu. Alikaa siku tisa bila kidonge. Siku ya kumi dawa ikaja, tena ya miezi mitatu, na Sephora akashukuru Mungu. Mama yeye aliigeuzageuza pakiti mapajani.

"Siku tisa, Sephora," alisema mwishowe. "Siku tisa, na sikuumwa hata ukucha."

Kuanzia wiki ile alianza kumeza siku moja na kuacha siku moja. Mwanzoni alisema amesahau, au atameza jioni. Sephora alipoacha nafasi tupu kwenye daftari, mama alimwita karibu.

"Tia alama."

"Lakini mama, hujameza."

"Nimepona, mwanangu. Vidonge ninaviweka. Vita vikirudi na ndege isitue mwezi mzima, tutafanya nini? Wakati huo ndio nitavihitaji. Mtu hamalizi mchele wote siku ya kwanza."

"Basi tumwambie dokta."

"Dokta akiona naweza kukaa bila dawa, atampa mwingine. Wako wengi wanaoingoja. Tia alama, Sephora. Mama yako anajua."

Sephora alishika kalamu. Alikumbuka gereji, akakumbuka chumvi. Mama yake alikuwa hajawahi kukosea katika mambo ya kujiwekea. Akatia msalaba. Ulitoka umepinda kidogo, naye akaufuta na kuuandika upya ukanyooka.

Mwishoni mwa Septemba mama aliacha kabisa. Na kilichowapotosha zaidi ni kwamba alizidi kupendeza. Dawa ile ilikuwa ikimvimbisha macho kila asubuhi na kumkaza misuli ya miguu. Alipoiacha, uvimbe uliisha na miguu ikawa myepesi.

"Mama Sephora, umerudi msichana!" Epiphanie alimtania kwenye bomba la maji. "Usije ukatuletea baba wa kambo tu."

"Akija na mabidoni yake, namkaribisha," mama alijibu, na wanawake wakapigana makofi.

Sephora naye alicheka. Alitaka sana kuamini.

Novemba ilipoanza, alimkuta mama ameliweka bidoni chini nusu ya njia, amekaa juu yake, anapumua kwa shida. Siku nyingine aliona shuka la mama limelowa jasho, na mvua ilikuwa imenyesha, hewa ilikuwa ya baridi. Jumamosi moja mama alipokuwa sokoni, Sephora alifungua furushi nyuma ya mlango. Chini ya mchele alikuta kopo la maziwa ya unga, na ndani ya kopo, vimefungwa kwa plastiki mbili, vidonge vya rangi ya chungwa vilivyojaa mpaka juu. Alikuwa ameandika kwenye daftari kwamba vyote vile viko tumboni mwa mama yake.

Mama aliporudi, Sephora alikuwa amekaa na kopo magotini.

"Mama, ugonjwa umerudi. Anza kumeza leo. Tafadhali."

Mama Geneviève alilichukua kopo kwa upole, akalifunga. "Ni uchovu wa mvua. Nikila akiba sasa, siku ya vita tutakula nini?"

Vainqueur, aliyekuwa akichezea kizibo mlangoni, aliuliza, "Kwani mama ni mgonjwa tena?" Mama alilirudisha kopo chini ya mchele.

Siku ya kwenda hospitali ilifika. Walipima damu asubuhi, na kabla ya saa sita Dokta Sylvère aliwaita ndani. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, anayependa mzaha, lakini siku ile hakutania. Aliweka karatasi ya maabara upande mmoja na daftari la Sephora upande mwingine, akaangalia huku, akaangalia kule.

"Mama Geneviève, chembe zimepanda. Zilikuwa elfu sita, leo ni elfu arobaini na tano. Bandama naisikia tena mkononi." Alifungua daftari, akapitisha kidole kwenye misalaba. "Nami naona hapa umemeza kila siku tangu dawa ifike Agosti. Hakuna hata siku moja iliyopita bila alama. Ni kweli?"

"Ni kweli, dokta," mama alisema, macho yake sakafuni.

Daktari alivua miwani, akafuta kioo polepole. "Basi dawa imeshindwa. Hutokea kwa wengine. Ugonjwa huizoea na kuipita. Dawa iliyoshindwa siwezi kuendelea kukupa, maana kuna mtu mwingine ambaye inaweza kumsaidia. Nitawaandikia leo wanaotuletea dawa kwamba wasikuletee tena. Tutarudi kwenye vile vidonge vya zamani." Alisita. "Sitakudanganya, mama. Vile vya zamani havina nguvu kama hivi."

Alivuta karatasi na kushika kalamu.

Sephora aliiona kalamu ikigusa karatasi. Alimtazama mama yake, akaona midomo imekauka, haifunguki. Kama angenyamaza, kalamu ile ingemwondolea mama dawa iliyo na uwezo wa kumponya, tena kwa sababu ya misalaba yake mwenyewe iliyonyooka. Kama angesema, angemwaibisha mama yake mbele ya mtu mkubwa, na labda wangefukuzwa wote wawili. Alikuwa mtoto ambaye hata darasani hunyoosha kidole akiwa amejificha nyuma ya mwenzake.

"Dokta, usiandike," alisema kwa sauti ndogo.

"Unasemaje, karani?"

"Usiandike. Dawa haikushindwa. Mama hakuimeza." Machozi yalianza kumtoka. "Alama ni za uongo. Mi ndiye niliziandika."

"Sephora!" mama alimaka.

Mama Geneviève alijiweka sawa kwenye kiti, akaunyoosha mgongo wake kama mtu anayetaka kubeba mzigo.

"Mutoto amesema kweli," alisema. "Alama ni zake, lakini uongo ni wangu. Mi nilimwamuru." Akaeleza yote bila kujificha: siku tisa za Agosti, macho yaliyoacha kuvimba, kopo chini ya mchele. "Nimekimbia mara mbili, dokta. Mtu aliyekimbia hawezi kuona kitu kizuri akakitumia chote. Anaweka. Niliogopa mukijua naweza kukaa bila dawa, mutaniondoa. Kama munaniondoa, niondoeni mimi, lakini musimkasirikie mutoto."

Dokta Sylvère aliikunja ile karatasi, akaitupa kwenye ndoo ya takataka.

"Mi pia nilikimbia Julai," alisema. "Unajua nilibeba nini? Redio. Betri niliziacha mezani."

Mama alitaka kucheka, akajikuta analia.

"Sikiliza, mama. Kuweka chumvi ni akili. Kuweka mchele ni akili. Lakini ugonjwa huu haukufa. Uko mlangoni, unasukuma, na kidonge cha kila siku ndicho mkono unaoubana mlango. Ukisema utoe mkono leo ili usichoke kesho, unaingia leo. Na mwanzoni huusikii, maana unaingia kwa kunyata. Ndiyo maana zile siku tisa hukuumwa."

"Kwa hiyo nitameza mpaka kufa?"

"Hilo silijui. Dawa yenyewe bado ni mpya duniani. Labda siku moja wataalamu watajua ni nani anaweza kuiacha, na lini. Leo hawajui, nami sijui. Lakini hata siku hiyo ikifika, utaiacha kwa kupimwa damu, tena utaendelea kupimwa baada ya kuacha. Hutaiacha kwa sababu moyo umekuambia umepona."

Alimpa masharti: aanze mchana ule ule, vidonge vinne, na arudi kupimwa kila wiki mbili. Hakumwahidi kitu. Ugonjwa uliopewa nafasi, alisema, mara nyingine hukataa kurudi chini. Kisha aligonga meza kwa kidole akiwaza. "Lakini hofu yako si ya kijinga. Ndege inaweza kuchelewa tena. Kosa ni letu pia, hatukuwapangia. Nitaomba kila mgonjwa awe na vidonge vya wiki tatu vya ziada, vya kukimbia navyo, vilivyoandikwa hapa hospitalini. Hiyo iwe akiba yenu. Vya kila siku ni vya kila siku."

Wakati wa kutoka Sephora alitembea nyuma ya mama yake, akiogopa kumsogelea. Walifika getini. Mama alisimama, akamngoja, akamshika mkono.

"Unanikasirikia, mama?"

"Nilikasirika kidogo, pale ulipofungua mdomo," mama alisema. "Halafu nikasikia ulivyosema. Nilidhani watu wa kukimbilia nimewajua wote. Kumbe mmoja nilikuwa namlea."

Wiki zilizofuata zilikuwa ndefu. Macho ya mama yalivimba tena asubuhi, misuli ikakaza, na mara mbili alitapika. Hakuacha. Sephora alitia alama pale tu alipoona kwa macho yake. Siku ambayo mama alitapika dawa, hakutia msalaba. Aliandika, "Ametapika," na tarehe. Wiki ya pili chembe zilikuwa elfu thelathini na nane. Wiki ya nne, elfu thelathini na sita, zilishuka kidogo tu. Noeli ilipita nyumbani kwao bila mtu kuimba. Mpaka Januari, siku ya kugawa dawa, Dokta Sylvère alitoka mwenyewe mpaka kwenye baraza ya kungojea, karatasi mkononi, akitembea haraka.

"Elfu nane," alisema. "Mama Geneviève, elfu nane! Mlango umefungwa tena."

Sephora alimkumbatia mama yake kiunoni. Kwenye benchi walikuwa wamekaa wagonjwa wengine sita, nao wakapiga makofi. Mama Geneviève alifuta uso kwa pembe ya kikwembe, lakini hakukaa. Alibaki amesimama mbele yao.

"Musinipigie makofi bado," alisema. "Muulize kwanza kwa nini zilipanda." Akawasimulia, mbele za watu wazima wenzake, bila kupunguza: kopo, mchele, misalaba ya uongo, mtoto aliyelia mbele ya daktari. Sephora alijua mama yake ana ujasiri wa kupita katikati ya milio ya bunduki. Siku ile aliona kwamba ujasiri huu ulikuwa mkubwa zaidi.

Alipomaliza, mzee mmoja mwenye kanzu na koti, fundi wa baiskeli kutoka mtaa wa Buyenzi aitwaye Sulemani, alikohoa. Aliingiza mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti, akatoa bahasha, akaiweka juu ya benchi. Ilikuwa imejaa vidonge vya rangi ya chungwa.

"Mi nilianza kuacha Ramadhani," alisema taratibu. "Nilikuwa nafunga, sikumeza mchana. Mwezi ukaisha, nikajiona sina neno. Nikaendelea hivyo hivyo. Leo nilikuja kusema nameza kila siku."

Dokta Sylvère alikaa kwenye benchi, kando ya mzee.

"Mzee wangu, dawa hii inakubali kumezwa na futari. Ungeniuliza tu, tungepanga. Ramadhani ijayo tutakaa kabla ya mwezi kuandama." Kisha alimgeukia Sephora, aliyekuwa bado ameshika kikwembe cha mama yake. "Umeona, karani? Mimi nina mashine ya kupima damu, lakini mashine haijui nani amemeza na nani hajameza. Hilo mnalijua ninyi tu. Mkinificha, nitatibu ugonjwa ambao haupo na kuuacha ule uliopo. Ulinipa ukweli ukiwa unatetemeka, na kwa ukweli huo mama yako anaendelea kuishi. Mgonjwa asiiache dawa peke yake, na anayempenda asimfichie."

Muuguzi alikuwa amefika na sindano ya kutoa damu. Mzee Sulemani alivua koti, akakunja mkono wa kanzu mpaka juu ya kiwiko, akaunyoosha.

"Chukua, binti yangu," alisema. "Lakini uniachie kidogo ya kurudia Buyenzi."

Benchi zima likacheka, na mama yake Sephora ndiye aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote.